Ua la Kivulini na Kikapu cha Barazani

Mtu akipita mbele ya nyumba na kuona kikapu kimening'inizwa barazani, kimejaa maua mekundu, meupe na ya rangi ya waridi hata kikapu chenyewe hakionekani, hudhani mara moja kwamba mwenye nyumba ana fedha nyingi, na kwamba maua yale yametoka ng'ambo. Mawazo yote mawili yaweza kuwa makosa. Kikapu cha namna hiyo chaweza kutengenezwa kwa kiondo kikuukuu na waya wa shilingi chache. Na ua lenyewe, ambalo wataalamu huliita impatiensi, ni mzaliwa wa Afrika ya Mashariki. Lilitoka huku likaizunguka dunia, nalo limerudi kwetu ndani ya pakiti za mbegu zenye picha.

Si kila mtu aliye na shamba la kupanda maua. Karani wa mjini mara nyingi hana ila chumba na kipande cha baraza. Mkulima naye hataki kuondoa mahindi ili apande kitu kisicholiwa. Kikapu cha kuning'iniza hakichukui nafasi ya kitu kingine, wala kuku hawawezi kukifukua. Lakini wengi walionunua kikapu kama hicho wamekiona kikinyauka kabla ya mwezi kwisha, wakasema kwamba mkono wao hauna baraka. Mara nyingi kosa si la mkono. Ni kwamba hawakuambiwa tabia za ua hili.

SAFARI YA UA

Jina la impatiensi limetoka katika Kilatini, na maana yake ni "lisilo na subira". Sababu yake huijua mtoto yeyote aliyewahi kulichezea: ganda la mbegu likiisha kukomaa, ukiligusa kwa ncha ya kidole hupasuka ghafula na kurusha mbegu mbali. Jamaa ya maua haya ni kubwa, ina aina zaidi ya 1,000 duniani. Lakini ile ipandwayo sana katika vikapu ni Impatiens walleriana, ambayo kwao ni mahali penye kivuli na unyevu, tangu Kenya na Tanzania mpaka Malawi, Zimbabwe na Msumbiji.

Jina la walleriana ni ukumbusho wa Horace Waller, Mwingereza aliyefika katika nchi ya mto Shire mwaka 1861 pamoja na wamisionari, akawa rafiki wa Livingstone na adui wa biashara ya utumwa. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1868. Baadaye John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alilipeleka ua hilo katika bustani ya Kew karibu na London, na mwaka 1882 likapewa jina jingine, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash. Wataalamu walipochungua zaidi waliona kwamba maua hayo mawili ni ua moja. Na kwa kuwa desturi yao ni kulishika jina lililotangulia, Sultani akapoteza ua lake.

Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Claude Hope, aliyekuwa na shamba la mbegu huko Costa Rica, alichagua na kuchanganya miche ya ua hili mpaka akapata aina fupi, zenye matawi mengi, zinazochanua mfululizo. Tangu hapo likawa miongoni mwa maua yanayouzwa sana katika Marekani na Ulaya. Hizo ndizo aina zinazopatikana leo katika pakiti.

KIKAPU NA MAHALI PAKE

Kikapu kizuri kina upana wa sentimita 30 hivi na kina cha sentimita 15 au zaidi. Kilicho kidogo kuliko hicho hukauka upesi mno. Waweza kununua cha waya. Lakini kiondo kikuukuu, karai lililotoboka, au nusu ya debe iliyotobolewa matundu chini hufaa vile vile. Kikapu cha waya au cha mkonge hutandikwa ndani kwa kipande cha gunia au makumbi ya nazi, kisha karatasi ya nailoni yenye matundu, ili udongo usimwagike na maji yasikimbie yote. Matundu hayo ni ya lazima. Mizizi ya impatiensi hupenda unyevu, lakini ikikaa ndani ya maji yaliyotuama huoza.

Kabla ya kukitundika, ufikiri uzito wake. Kikapu cha kadiri hiyo kikijaa udongo uliolowa chaweza kupita kilo 10. Usikitundike katika msumari wala katika ubao wa dari, bali katika kulabu iliyoingizwa ndani ya boriti, kwa waya usioshika kutu. Wala usikiweke juu ya mlango ambapo watoto hupita. Kimo kinachofaa ni kile ambacho mama mwenye nyumba aweza kukifikia kwa kopo la maji bila kupanda kiti. Kikapu kinachohitaji ngazi hunyweshwa maji siku tatu za kwanza, halafu husahauliwa.

Kuhusu mwanga, likumbuke ua hili kwao ni wapi. Baraza inayoelekea mashariki, inayopata jua la asubuhi mpaka kama saa nne na kivuli baada ya hapo, ndiyo bora. Jua kali la adhuhuri huunguza majani na kufanya maua kuwa haba. Lakini giza halifai pia. Mche ukiwekwa mahali pasipo mwanga hurefuka kama mtu anayechungulia dirishani, ukatoa majani bila maua. Upepo mkali nao ni adui, kwa sababu shina la impatiensi limejaa maji na huvunjika kwa urahisi.

Hali ya hewa ya Nairobi, Nyeri, Kisii au Kakamega hulifaa sana. Pwani hustawi pia, mradi kivuli kiwe kingi na maji yasikose. Lakini katika nchi za juu, kama Kinangop na Molo, mwenye kikapu hana budi kukiingiza ndani usiku ule mbingu zinapokuwa nyeupe bila wingu na baridi ikazidi, kwa kuwa jalidi ya usiku mmoja hulifanya ua hili kuwa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto.

UDONGO

Hapa ndipo wengi hukosea. Udongo mwekundu wa shambani, ambao huzaa kahawa na mahindi vizuri, ukitiwa peke yake katika kikapu hushikamana kama tofali baada ya kunyeshwa mara kadhaa, na mizizi hukosa pumzi. Mchanganyiko mzuri ni huu: mboji iliyooza barabara, sehemu mbili, udongo wa bustani, sehemu moja, mchanga mnene wa mtoni, sehemu moja. Ukiushika mkononi ukaufumbata, ushikamane. Ukiugusa kwa kidole, umeguke.

Samadi iliyo mbichi isitiwe kabisa, kwa maana huunguza mizizi. Wala si vema kwenda kuchimba udongo mweusi wa msituni. Mboji ya majani yaliyooza nyuma ya nyumba hufanya kazi ile ile, na msitu hubaki na chakula chake.

KUPATA MICHE

Njia rahisi ni ya vipandikizi. Uombe kwa jirani mwenye mche wenye afya, ukate ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 8 au 10, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini na maua yote na vikonyo vyake, kisha ukitie kipandikizi katika glasi ya maji kivulini, au katika mchanga mbichi. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Mizizi ikifika urefu wa sentimita 2 au 3, kipandikizi kihamishwe udongoni. Kikiachwa majini muda mrefu, mizizi yake huwa laini na kuuzoea udongo kwa taabu.

Njia ya mbegu yataka uangalifu zaidi. Mbegu za impatiensi ni ndogo mno, gramu moja yaweza kuwa na mbegu karibu 2,000. Hunyunyizwa juu ya mchanganyiko laini uliochekechwa na kuloweshwa, wala hazifukiwi, kwa sababu zahitaji mwanga ili ziote. Chombo hufunikwa kwa kioo au nailoni na kuwekwa mahali penye joto, lakini si juani. Zikiwa na joto la nyuzi 21 hadi 24 huchipuka baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Hapo kifuniko kiondolewe kidogo kidogo, maana miche michanga iliyofungiwa katika unyevu mwingi huoza shingoni ikalala chini, na ugonjwa huo huweza kumaliza chombo kizima kwa usiku mmoja au miwili.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mbegu za pakiti nyingi ni za chotara. Mbegu utakazoziokota katika mimea hiyo hazitatoa maua yanayofanana na mama yao. Anayetaka kuwa na rangi ile ile mwaka hata mwaka na atumie vipandikizi.

Katika kikapu cha sentimita 30, miche mitano yatosha. Mmoja hupandwa katikati na minne kandokando, ikiinamishwa nje kidogo. Mwenye pupa hupanda kumi, na baada ya mwezi huiona ikigombania hewa na maji.

MAJI

Kikapu kinachoning'inia hupigwa na upepo pande zote, kwa hiyo hukauka upesi kuliko kitalu cha chini. Siku za jua kali chaweza kuhitaji maji kila siku, pengine asubuhi na jioni. Siku za mvua na baridi, baada ya siku mbili au tatu. Usifuate kalenda, bali ufuate udongo. Tia kidole mpaka fundo la kwanza. Ukiona pakavu, mwagilia. Ukiona pabichi, ngoja kesho. Mwenye kuzoea hujua kwa kukiinua kikapu kidogo kwa mkono, maana kikavu ni chepesi.

Mwagilia polepole mpaka maji yaanze kutoka chini. Fanya hivyo asubuhi, na maji yaende udongoni, si juu ya majani. Maji yaliyotumika kuoshea mchele au mboga yafaa, mradi hayana chumvi wala sabuni.

Impatiensi hulalamika waziwazi likikosa maji. Majani hulegea na matawi huanguka kama nguo iliyolowa. Likipata maji mapema huinuka tena katika muda wa saa chache, na mwenye nyumba hufurahi. Lakini asidanganyike, kwani likinyauka mara kwa mara hudondosha maua na majani ya chini, na kila mara nguvu hupungua. Kikapu kilichokauka kabisa hakifai kumwagiliwa juu, kwa maana maji hupita kando bila kuingia. Kishushe, ukitie ndani ya karai la maji kwa nusu saa, kisha ukiache kichuruzike.

Karani aendaye nyumbani Jumamosi na kurudi Jumatatu ana shida yake. Dawa ni kukishusha kikapu siku ya kuondoka, kukinywesha barabara, na kukiweka chini mahali penye kivuli kizito, ndani ya beseni lenye maji kiasi cha sentimita 2. Kwa siku mbili hakitadhurika. Akiwa na jirani mwema, na amwachie kopo na maelezo. Akirudi, kipandikizi kimoja katika glasi ni shukrani inayotosha.

CHAKULA NA KUKATA

Mboji ikiwa nzuri, mche hauhitaji kitu kwa mwezi mmoja wa kwanza. Baadaye wataka chakula kidogo kila wiki mbili. Mkulima aliye na ng'ombe atie samadi katika mfuko wa gunia, auning'inize ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili, kisha achanganye maji hayo na maji safi mpaka rangi iwe kama chai isiyokolea. Asiye na ng'ombe aweza kuyeyusha kijiko kidogo cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 katika lita 5 za maji. Kabla ya kutia mbolea, udongo uwe umekwisha kulowa. Kuzidisha hakuleti maua zaidi, bali huleta majani mapana na mashina malegevu.

Mche ukifika kimo cha sentimita 8 hivi, kata ncha yake kwa kucha. Tendo hili huwahuzunisha wengi, kwa kuwa huonekana kama kuuharibu. Lakini tawi moja lililokatwa hutoa mawili, nayo mawili hutoa manne, na hivyo ndivyo kikapu kijaavyo. Maua yaliyokufa huanguka yenyewe bila kuchumwa. Baada ya miezi kadhaa, kikapu kikianza kuwa na mashina marefu matupu, kata theluthi moja au nusu, ukinyweshe na kukilisha; baada ya wiki tatu au nne kitachanua upya.

MAADUI WAKE

Wadudu ni wachache. Utitiri hushambulia hasa wakati wa kiangazi, na alama yake ni majani yenye madoa ya manjano na utando mwembamba chini yake. Vidukari na nzi weupe hufyonza utomvu. Wakionekana mapema, huondolewa kwa kuwapangusa kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa upande wa chini wa majani, siku tatu au nne mfululizo.

Lakini adui mkubwa si mdudu. Ni ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya. Ulionekana katika bustani za Uingereza mwaka 2003, na kufikia mwaka 2012 ulikuwa umeenea katika majimbo mengi ya Marekani, ukaangamiza impatiensi kwa maelfu, hata wauza miche wengi wakaacha kulipanda. Dalili ya kwanza ni ndogo: majani machache hugeuka rangi ya kijani kilichofifia au manjano, kingo zake zikajikunja chini, kama kwamba mche una njaa. Mwenye kikapu hutia mbolea akingoja. Kumbe ukigeuza jani utaona unga mweupe kama vinyoya upande wa chini. Baada ya siku chache maua huanguka, kisha majani, na hubaki mashina matupu ya kijani.

Mche ulioshikwa hauponi. Ung'oe siku ile ile, uutie ndani ya mfuko, uuchome au uuzike kwa kina. Usiutupe katika shimo la mboji. Udongo wa kikapu hicho usitumiwe tena kwa impatiensi, kwa maana mbegu za ukungu huweza kukaa humo muda mrefu. Osha kikapu, na msimu ufuatao upande kitu kingine cha kivulini, mathalan begonia, ambayo ugonjwa huu hauigusi. Kwa kujikinga, usiloweshe majani jioni, wala usibananishe miche. Na kipandikizi chochote unachopewa kikague upande wa chini wa majani kabla ya kukiingiza nyumbani.

Watu hawakukata tamaa. Impatiensi ya New Guinea, yenye majani marefu na maua makubwa, huuhimili ugonjwa huu vizuri sana, nayo huvumilia jua kidogo zaidi. Na karibu na mwaka 2020 kampuni za mbegu zilianza kuuza aina mpya za walleriana zenye nguvu ya kuupinga. Moja ya aina hizo imeitwa Imara, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

FAIDA, NA DENI

Aliyejifunza kukitunza kikapu kimoja aweza kutengeneza kumi. Kila anapokata vichwa vya miche yake mitano apata vipandikizi vitano au zaidi, ambavyo ni kikapu kingine kizima bila kununua mbegu. Vitalu vya kando ya barabara mjini Nairobi huuza maua ya namna hii kila siku, na mnunuzi hulipa zaidi kwa kikapu kilichojaa na kuchanua kuliko kwa mche ulio katika mfuko. Kazi hii yaweza kufanywa na mama, au kijana aliyemaliza shule, chini ya mti mmoja wenye kivuli. Asiuze kikapu kilichopandwa jana. Na angoje mpaka kifunikwe na maua, na amweleze mnunuzi habari ya maji na kivuli, ili arudi kununua cha pili badala ya kurudi na malalamiko.

Liko jambo moja la mwisho. Ua hili moja limepata bahati ya kupendwa na dunia nzima, na haliwezi kupotea tena. Lakini ndugu zake wamo bado msituni. Katika milima ya Taita huota Impatiens teitensis, iliyopewa jina la nchi hiyo, na katika milima ya Usambara huota Impatiens usambarensis. Misitu ya Taita imekatwa mpaka vimebaki vipande kama vile Ngangao na Mbololo. Na mmea uliozoea kivuli na ukungu wa mlimani hauna mahali pa kuhamia mti wake ukianguka. Wala mwenye kupenda maua asiende kuing'oa miche hiyo ili kuijaza katika kikapu chake; aliyonayo kitaluni yamtosha.

Kirk alipolichukua ua hili hapana aliyejua kwamba litafika kila baraza ya Ulaya na Marekani. Lilikuwa ua dogo tu la kivulini, ambalo wapitao waliliruka. Leo mwenye kiondo kikuukuu, mboji na kopo la maji aweza kulirudisha nyumbani kwao, likaning'inia mbele ya mlango wake mwaka mzima.